Chumvi Kwenye Chupa

Ukutani kwangu, Kiboriloni, vimening'inia vyeti vinane.
Vyote ni vyangu, ingawa kimoja wameandika Nakijwe.

Nimefundishwa mchanganuo wa biashara
mara tatu, katika kumbi tatu, na mwalimu yuleyule
aliyebadilisha tai tu.
Nimefundishwa kujiamini.
Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi,
nimemenya mikungu sita ya ndizi kwa taa ya simu;
nikajiamini tena, kwa posho.

Mkanda wa mashine ulikuwa umekatika. Nilisema.
Wakatikisa vichwa, wakaandika:
"Changamoto ya teknolojia."
Jamani, mkanda ni mpira.
Unauzwa kwa Mangesho, mlango wa pili toka kwa fundi cherehani,
elfu kumi na nane, ukibembeleza kumi na sita.

Ofisi ya kwanza ilinielekeza ya pili.
Ya pili ilitaka alama ya ubora ndipo inikopeshe.
Ya tatu ilitaka jengo lenye vigae ndipo inipe alama.
Ya nne inakopesha vigae
kwa mwenye alama.
Nikauzunguka mnara wa saa, bahasha kwapani,
mpaka saa yenyewe ikanizoea.

Sisemi hawakunipa kitu.
Alikuwapo binti wa mafunzo kwa vitendo, Eliaichi,
hakuwamo kwenye ratiba.
Wakati wa chai akainama kwangu:
"Mama, unga wako unaota ukungu baada ya siku ngapi?"
Miaka minane, na swali hilo ndilo la kwanza.
Akaja na chupa ya soda, tupu, kavu,
na chumvi kaifunga kwenye kipande cha ratiba.
"Tia ndizi zilizokatwa, tia chumvi, tikisa.
Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado zina maji.
Ikidondoka, saga."
Dakika nne. Bila cheti.
Tangu hapo sijamwaga debe hata moja.

Mwaka jana walikuja kunipiga picha.
Wakanivika aproni mpya, wakaivua walipoondoka.
Nikawa bango, mita tatu kwa mbili:
MAMA AMEWEZESHWA,
na meno yangu yote nje.
Maonyesho yalipokwisha nikaliomba.
Afisa akafurahi, akadhani nitalitundika.

Njoo Januari, jua likiwa kali, uone.
Limelala juu ya mabati ya stoo,
ndizi zimejipanga shavuni kwangu, kwenye paji,
juu ya neno AMEWEZESHWA.
Nailoni nzuri, zinakauka siku mbili.
Huo nao ni msaada: nimeuandika kwenye daftari,
upande wa mapato.

Mkanda nilinunua mwenyewe.
Eliaichi sijui alipelekwa ofisi gani.
Juzi wameleta fomu ya tathmini, kurasa tano,
hakuna mahali pa jina lake.
Nikaliandika chini kabisa, kwa herufi kubwa,
kwenye kisanduku cha
"Kwa matumizi ya ofisi tu."