Daftari la Mahori Mawili

Mimi ndiye niliyeshika daftari,
na hori la vioo lilikuwa langu.
Ninalisema mapema, msije mkalisikia Konde.

Bi Mkasi Shaame ndiye aliyeyaita mahori,
alipoyaona yamelala uwanjani Micheweni
kaskazini kwa kusini, matumbo wazi.
"Ng'ombe wake wako wapi?"
Ng'ombe ni jua, nikamjibu.
"Basi huyo hafungiki kamba,"
akasema, akarudi kuchochea tanuri lake
la mafuta ya makonyo, macho mekundu kwa moshi.

Langu: vipande mia na ishirini vya kioo,
kila kimoja nimekikata kwa mkono,
nimekipachika kwenye mbavu za msaji
nilizozichonga kwa kufuata parabola
niliyoichora kwa chaki sakafuni mwa skuli.
La Raya Faki: bati la alumini
lililokunjwa juu ya fremu ya mabomba,
likasuguliwa hata ukijitazama
unajiona una paji refu na huna kidevu.

Katikati ya kila moja, bomba jeusi.
Hapo ndipo kibla. Mwali uingiao wima
na ugonge utakapo, ukingoni au tumboni,
huelekea huko huko.
Ukikosea nyuzi mbili tu, safu imevunjika.

Saa nne asubuhi: langu mia na arubaini na mbili,
lake mia na kumi na tisa. Nikaandika haraka.
Saa sita: langu mia na tisini na nane,
lake mia na sitini na moja.
Nikaandika kwa wino uliokoza
na jioni nikawanunulia wote soda.

Chumvi ya Micheweni haina adabu.
Iliingia nyuma ya vioo vyangu ikala fedha yake,
ikaacha madoa meusi kama ya ndizi zilizopita.
Bati la Raya lilififia tu.
Akalisugua kwa majivu na kipande cha kanga kuukuu,
majivu hayo hayo ya tanuri la Bi Mkasi.
Likarudi. Si lote, lakini likarudi.

Na jua halingoji mtu.
Kila robo saa hori sharti ligeuzwe:
langu lilitaka wanaume wawili na bismillahi,
lake mnyororo wa baiskeli
na mkono mmoja wa Bi Mkasi,
wa pili umeshika kikombe cha chai.

Siku ya arubaini, saa sita:
lake mia na hamsini na tano.
Langu mia na hamsini na tatu.
Kalamu ikasita.
Tatu ni nane iliyoachwa wazi,
kuifunga ni mkunjo mmoja wa kidole.
Hakuna aliyekuwa akinitazama
ila uso wangu mwenyewe, mara mia na ishirini,
kila uso na doa lake.

Nikaandika tatu.

Alasiri yakaja mawingu mazito,
na hapo mahori yakawa sawa sawa kabisa,
vyombo vya kukingia mvua.
Bi Mkasi akawasha kuni, hakusema neno.

Ila kabla ya magharibi nilimwona
anatoka na kanga kichwani, manyunyu bado yanadondoka.
Langu akalifunika gunia, kama mtu amfunikaye mgonjwa.
Kisha akashika mnyororo,
akaligeuza la Raya taratibu, jino kwa jino,
mpaka likatazama mashariki.