Taa ya Bafuni, Gdańsk

Bi Halszka anataka taa ya shanga,
ile ya dukani, iliyoning'inia kama kishada cha zabibu.
Fundi Zbyszek anatikisa kichwa, ananyoosha utepe:
toka beseni la kuogea hadi dari,
mita mbili na shubiri.
"Mvuke hupanda, bibi. Maji hayaulizi njia."

Anatoa boksini taa bapa,
iliyozibwa kwa mpira pembeni,
sura kama sahani ya hospitali.
Halszka anaguna.

Kisha anatazama juu:
balbu uchi, waya wa kitambaa,
na mumewe, Desemba ile, mkono ungali na povu,
akigusa swichi.
Shoti ilimtupa mlangoni. Alicheka.
Halszka hakucheka.

"Funga hiyo mbaya," anasema.
"Shanga nitazivaa mwenyewe."