Hodi ya Tatu

Miaka minne nilimeza vidonge vya kifafa,
vyeupe asubuhi, vyeupe usiku,
na bado nilianguka juu ya cherehani yangu
pale soko la Arua, mstari wa washonaji,
mguu ukiendelea kukanyaga pedali
kama kuku aliyechinjwa ambaye hajapata habari.

Walinitia kijiko mdomoni; jino moja likaenda nacho.
Walinipaka mafuta ya maombi, wakanifukiza majani.
Mama mkwe akasema kikulacho ki nguoni mwako,
nikafumua pindo za magauni yangu yote
nikitafuta hirizi.
Nilipata pini mbili na shilingi mia.

Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku
aliinua mkono wangu juu ya uso wangu, akauachia.
Haukunipiga. Ulidondokea pembeni.
"Mwongo huyu," akasema. "Anajifanya."
Nilimsikia. Hilo ndilo liliniuma:
nilikuwa chini kabisa ya kisima, nasikia kila neno,
na kope tu zilinishinda kuinua.

Kampala walinibandika nyaya kichwani kama mche uliofungwa vijiti.
Nikaanguka mbele ya mashine yao, siku ya pili, saa ya chai.
Daktari Nakimera aligeuza skrini nione mwenyewe.
"Hakuna radi humu. Huna kifafa.
Lakini umeanguka kweli. Yote mawili ni kweli."
Nilimwomba arudie hilo la mwisho.

Vidonge vya zamani vilipunguzwa robo kwa robo,
kama unavyofumua mshono usije ukapasua kitambaa.
Nikapewa kingine, kidogo, cha jioni.
"Hiki hakizuii kuanguka. Ni cha huzuni na usingizi,
upate nguvu ya kuongea."
Kuongea!
Nimekesha kwenye basi kutoka Arua
nije niambiwe nikaongee.

Basi kila Alhamisi, kwa Feni, hospitali ya rufaa,
chumba chenye harufu ya dawa ya sakafu,
kijana tu, shati lake halina kifungo cha tatu.
Wiki sita nilimweleza bei ya vitenge vya Ariwara.
Hakunikatiza.
Wiki ya saba mtu akabisha mlangoni,
ko, ko, ko,
nikajikuta sakafuni, mto chini ya kichwa,
naye ameketi sakafuni vilevile:
"Uko Arua. Leo Alhamisi. Kitenge chako kina rangi gani?"
Buluu.
Manjano.
Ndege. Kuna ndege.

Halafu nikasema.
Kwamba Andeku, kaka yangu, alikuja usiku wa mvua, amelewa tena,
akabisha,
na mimi nilikuwa macho, nimejifunika, nahesabu:
moja.
Mbili.
Ya tatu ilikuwa ya chini sana, kama ya kidole kimoja.
Asubuhi walimkuta mtaroni, hatua ishirini kutoka kwangu.
Matanga nilipika. Wageni niliwapokea.
Kulia sikulia; kulikuwa na masufuria ya kuosha.

"Mdomo ulipokataa," Feni akasema, "mwili ulisema kwa niaba yake."
Sikulipenda neno lile. Mwili wangu si mkalimani wa mtu.
Ila usiku ule nililala bila kuwasha taa.

Sijapona kama wanavyopona kwenye ushuhuda wa kanisani.
Jumanne seremala wa jirani alipigilia msumari
nami nikaenda chini, mkasi mkononi.
Ezaru, mwanagenzi wangu, hakutafuta kijiko.
Aliuchukua mkasi, akasukuma vipande vya vitambaa
chini ya kichwa changu, akawaambia wateja,
"Ngojeni. Anarudi."
Kisha akaanza kunitajia vilivyo kwenye kamba, kimoja kimoja:
nyekundu ya bibi harusi, kahawia ya shule,
zambarau, ile isiyolipiwa bado.

Kwenye ile isiyolipiwa nilifumbua macho.
Mwenyewe alikuwa amesimama pale pale,
nikamwambia abaki,
gauni lilikuwa limebakiza mkono mmoja.