Kidole Gumba

Ana miaka hamsini na miwili, Piroska wangu,
na anataka kupunguza.
Si uzito. Si sukari kwenye chai.
Anataka kupunguza sehemu ya kumi ya sekunde
katika mita sitini.

Asubuhi hupanga barua za Szeged nzima,
vidole vyake vinajua kila mtaa, kila ngazi ya giza;
jioni tunateremka kiwanjani nyuma ya kiwanda cha paprika,
yeye na viatu vya njumu alivyonunua kwa kificho,
mimi na saa ya kupimia, kioo kina ufa.
Kazi yangu ni moja: kubonyeza.

Emőke ana miaka kumi na sita.
Hufika mwisho, akageuka, akafunga nywele,
ndipo mke wangu anapovuka mstari.
Yeye ndiye mwalimu wetu.
Usisimame upesi, shangazi.
Toka kama mtu anayetafuta sarafu chini ya meza.
Ardhi isukume nyuma, usiikanyage.
Mkono upite mfukoni, ufike shavuni.
Na taya uliache lilegee, litikisike,
anayekunja uso hukimbia kwa uso.

Mita thelathini, mara sita.
Kati ya mara na mara, dakika nne za kutembea tu,
na hizo ndizo alizozichukia,
huku Tisza ikituvukizia ukungu wake
na mimi nikimshikia koti.
Kumbe mbio hujengwa pia kwa kungoja.
Nani angemwambia hivyo mwanamke
aliyeoga, akapika, akafua
maisha yake yote bila dakika nne?

Oktoba: tisa nukta saba.
Desemba: tisa nukta tano.
Januari, barafu kwenye kingo za njia:
tisa nukta tatu,
akanirukia shingoni, midomo ina chumvi,
akaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu.

Sasa niseme.
Mwanzoni nilikuwa nangoja nimwone ameng'oka.
Mwishoni nilibonyeza nikiuona uso wake,
bado hatua mbili, hatua moja na nusu,
kwa kuwa uso ule ulikuwa umekwisha fika.
Kidole kimoja hakivunji chawa, husemwa;
changu, peke yake,
kiliua sehemu tatu za kumi za sekunde
na sikusikia hata kilio.

Budapest, ukumbi wa ndani, taa nyeupe.
Kule hakuna kidole.
Jicho la mashine halina mke.
Bunduki ikalia, wanawake saba wakainuka,
na kabla sijamaliza kutamka jina lake
ubao ulikuwa umeandika:
tisa nukta sita tatu.

Akausoma. Akausoma tena,
kama barua iliyokosewa anwani.

Kwenye treni ya kurudi, tukipita Kecskemét,
alimega mkate wa jibini, akanipa kipande kikubwa.
"Ulikuwa ukinipa kiasi gani?"
"Sijui," nikasema. "Kidogo kidogo."
Akatoa daftari, akalaza tiketi ikawa rula,
akazikata zile tatu, mstari mmoja ulionyooka,
akaandika mpya.
"Hii yangu," akasema. "Zile zilikuwa zako."
Kisha akalala begani kwangu hadi nyumbani,
mdomo wazi, taya limelegea vizuri kabisa.

Jumatatu saa alipewa Emőke.
Mimi nikasimama penye mstari, mikono mitupu,
na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba nikamwona anakimbia:
goti la kushoto linavyochelewa,
nywele za mvi zilizotoroka kibanio,
mkono unaopita mfukoni na kufika shavuni.
Kufumba na kufumbua, watu husema.
Mimi sikufumba.

"Tisa nukta sita," Emőke akatangaza,
sauti kavu, haina huruma hata punje.
Piroska akacheka, akashika kiuno,
akaanza kutembea dakika zake nne.

Na ndani ya mfuko wa koti lake, nililolishika,
kidole gumba changu kilikuwa kimeshabonyeza,
hewa tupu,
mapema.