Sentimita Sita

Bi Prosser hakuja na pingu. Alikuja na mkasi,
uzi mweupe, kipande cha foili kama cha kufungia mkate,
na glavu za buluu zilizonuka unga.
"Inamisha kichwa, Eluned."
Nikainamisha mbele ya jokofu, penye mchoro wa Macsen:
farasi wa miguu mitano, au minne na mkia,
sikumbuki alivyonieleza.

Akashika nywele za kisogoni, unene wa penseli,
akazifunga uzi, akakata karibu kabisa na ngozi.
Mkasi ulisema neno moja tu.
Kisha akatia alama upande wa shina,
maana huko ndiko iliko jana,
na nchani ndiko walikolala wafu wangu wa mwaka juzi,
chupa kwa chupa.

Kumbe nilikuwa natembea na shajara kichwani!
Sentimita moja, mwezi mmoja.
Nimeichana, nimeiosha kwa shampuu ya nusu bei,
nimeisuka siku ya mahakama nionekane mtu wa maana,
nayo muda wote inaandika,
haina wino, haina haya.

Carys wa duka la nyama alininong'oneza:
zipake rangi, zitie blichi, mvinyo wote utatoka.
Mumewe akadakia: nyoa upara, sema chawa.
Watachukua za mguuni, nikawajibu. Watachukua za kwapani.
Mwili ni nyumba yenye shahidi kila chumba.

Siku kumi na mbili nilisubiri barua.
Mvua ya Blaenau hainyeshi, inakaa;
inakaa juu ya mapaa ya mawe kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikahesabu miezi kwa kidole, kutoka ngozini kwenda nje:
Januari, chai.
Desemba, chai, na zawadi moja iliyofungwa ikabaki imefungwa.
Novemba, chai na kucha zilizotafunwa.
Oktoba
nikairuka, nikaenda Septemba.

Oktoba tulimzika baba.
Waliimba kwa Kiwelisi, sauti nne, na mimi sikuwa na hata moja.
Baadaye, ukumbini, mjomba Ifor akanipa glasi: "Ya kwake hii."
Nikanywa ya kwake.
Ya pili niliitazama hadi barafu ikayeyuka,
nikarudi nyumbani kwa miguu, viatu mkononi,
kilomita tatu za kokoto.

Barua ikaja Alhamisi. Jedwali, mistari sita.
Chini ya kiwango. Chini ya kiwango.
Nikateremsha kidole polepole kama mtu anayeshuka ngazi gizani.
Oktoba: chini ya kiwango.

Unywele ulinistahi. Au haukuniona.
Glasi moja ni nyepesi mno, haiachi nyayo,
na mashine ya maabara haijui kunusa msiba.
Wakili akapiga simu akicheka: "Tumeshinda!"
Nami nikacheka, mkono umeshika kisogo.

Jumatatu, ofisini, Bi Prosser aliisoma mara mbili,
akavua miwani, akauliza swali wanalomuuliza kila mtu,
kama mtu anavyouliza kama nje kuna baridi:
"Una la kuongeza?"

Ningeweza kusema hapana.
Macsen alikuwa chumba cha pili, namsikia
akimfundisha mlinzi jina la kila dinosa.
Karatasi imenisafisha, muhuri juu yake, nani aniulize?
Lakini nimechoka kuwa mtu anayejulikana na nywele zake
kuliko anavyojulikana na mdomo wake.
Nikasema: "Oktoba. Glasi moja."

Hakushtuka. Alichukua kalamu.
Akaandika kwa muda mrefu kuliko nilivyosema,
na mimi kusoma maandishi ya kichwa chini sijawahi kuweza.

Nikapapasa pale palipokatwa.
Vishina vimeanza kuchoma ncha ya kidole,
milimita nne, tano,
ambazo bado hakuna aliyezisoma.