Supu ya Saturnina

Mkono wa Eleuterio unatetemeka,
kijiko kinamgonga meno kabla mchuzi haujafika.
Ni zebaki, kasema daktari wa Juliaca,
akaandika karatasi ya bei ya alpaka wawili.

Nikapanda ziwani alfajiri, barafu ikinikata vidole,
nikaokota llullucha,
mwani wa punje punje, laini kama macho ya samaki.
Sokoni wanauuza unga, kwa chupa:
eti husafisha damu.
Mimi damu siijui. Najua sufuria.

“Figo ndizo husafisha,” daktari alisema,
“nazo zimechoka.”

Kunywa, mume wangu.
Usipokutoa sumu, utakupa joto.
Lakini kile kikaango unachochomea dhahabu
nimekitoa nje.
Mtoto analala humu.