Unywele na Mzizi Wake

Alkamili, mwezi wa pili. Alfajiri baridi bado inauma,
maji ya mpira hayashikiki mpaka yapigwe jua,
kwa hiyo namwosha saa nne.

Kwenye karatasi anaitwa Bint al-Rimaal.
Zizini anaitwa Sumbua,
jina alilopewa na mama siku alipokula
kanga yangu kambani: jina lote akalimeza,
akaniachia pindo.

Ana miaka minne, hajazaa.
Akipita ukaguzi atatiwa daftarini,
na watoto wake watakuwa na pa kuandikwa.
Keshokutwa anakuja Daktari Ghaniya kutoka Maskati
na fimbo ya kupimia na kalamu nyekundu.
Atatazama meno. Atatazama magoti kwa nyuma.
Atataka kumwona akienda matiti, kwenda na kurudi,
kisha asimame juu ya zege, miguu minne wima,
huyu Sumbua ambaye hajapata kusimama
ila pale anapotakiwa aende.

Basi tunajifunza kusimama.
Siku ya kwanza, mpaka tatu.
Siku ya tisa, mpaka arubaini,
kwa tende ya khalasi kiganjani, kokwa nimeitoa.
Jana tulifika tisini.
Ikapita pikipiki ya Pirbakhsh.
Tukarudi tatu.

Pirbakhsh kaja na tupa yake.
Anachonga kwato polepole,
kama anayemmenyea mgonjwa tunda.
Wa mbele kushoto, anasema, umepinda nje,
upana wa punje ya mchele.
"Naweza kuuficha. Nikiuchonga hivi,
siku mbili hajui mtu."
Na baada ya siku mbili?
Akapuliza vumbi kwenye tupa.
"Goti litajua."
Nikamwambia auache.

Fomu ya nne inataka nywele.
Si za kukata: za kung'oa, kila unywele na mzizi wake,
thelathini, kutoka singani, ndani ya bahasha kavu.
Maabara itamtaja mama yake, itamtaja baba yake,
hata kama karatasi zinasema vingine.
Nikazungusha singa kidoleni, nikavuta.
Hakusumbua.
Ngozi ya shingo ilimtetema tu,
kama maji ya falaji yaliyoguswa na nzi.

Mama alikuwa mlangoni na bakuli la shayiri.
"Mimi waliniuliza kwa mdomo," akasema.
Mwaka wa sabini na tatu, ofisi yenye feni moja,
yeye katoka Kikwajuni na cherehani yake,
karani anamwambia: hesabu mababa, mpaka wa saba.
Akahesabu. Kiarabu kikamtoka na nazi ndani yake.
Karani akamwita mwenzake aje asikie.
Wa sita akampotea.
"Ukafanyaje?"
"Nikamtia muuza kahawa wa mtaani kwetu.
Alikuwa mtu mwema."
Wakamwandika.
Yumo kwenye faili mpaka leo, babu yetu,
na buli lake la shaba.

Nikaibana bahasha kwa gundi.
Mkono ulikuwa unanitetemeka, sijui kwa kucheka.

Siku yenyewe upepo ulivuma na mchanga.
Daktari alipima, akafunua mdomo, akainama nyuma,
akaandika ule ukwato, punje ya mchele na yote.
Matiti alikwenda kama anayechelewa harusini.
Kisha zege.
Daktari akamwambia simama, kwa Kiarabu.
Sumbua akaondoka.
Akamwambia tena. Akaondoka tena, na mimi kwenye kamba.
"Simama, we!" mama akafoka kutoka upande wa ua,
akaanza kuhesabu kwa sauti, kwa Kiswahili, bila haya:
moja, mbili, tatu.

Masikio yakageuka. Miguu minne ikashuka wima.
Ishirini. Hamsini. Tisini ikapita.
Pikipiki ikapita.
Mia na kumi daktari alikuwa amefunga kalamu,
ameshakunja fomu, anauliza kama kuna chai.

Sumbua bado kasimama,
mchanga unamjaa kwenye kope.
Hakuna aliyemwambia basi.